Mshale Uliotulia

Wanawake wa Chilangala wana wimbo kuhusu gari langu. Ni mfupi, mistari miwili tu, na huimbwa pale ngoma inapokolea na watu wanapoanza kutafuta wa kumcheka. Nimeusikia harusini, nimeusikia kwenye sherehe za jando, na siku moja nikausikia kwa mama mmoja aliyekuwa akibangua korosho barazani kwake, hana habari kwamba mwenye gari anapita. Nikageuza njia. Mtu mzima na mvi zangu, nikazunguka nyuma ya nyumba za watu, katikati ya mikorosho, ili nisipite mbele ya mama anayejiimbia.

Gari lenyewe ni kibasi cha zamani, kilikuwa cheupe kikageuka rangi ya chai ya maziwa. Nilikinunua kikiwa tayari kimechoka, lakini katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumiliki kitu chenye injini, na jambo hilo lilinipanda kichwani kuliko ninavyopenda kukiri. Nina duka la ndoo, majembe na magodoro pale Masasi. Kibasi kilinibebea bidhaa, na watu walikikodi kwa misiba, kwaya na harusi. Kila nilipokiegesha nilikifuta vumbi kwa kitambaa changu mwenyewe, na sikuruhusu mtu mwingine akiguse.

Kilichonipa kiburi zaidi ni dashibodi. Geji zake zilikuwa za orijino, zile zile kilizotoka nazo kiwandani, chini ya kioo kimoja: spidi katikati, mafuta kushoto, joto kulia. Madereva wenzangu walikuwa wameshang'oa zao au wamepachika juu yake vigeji vya duara vya kununua, vyenye taa za buluu na nyekundu, ukiingia garini usiku unadhani umeingia kwenye ukumbi wa disko. Mimi niliwacheka. Nilisema gari lenye geji za kubandika ni kama mtu mwenye meno ya bandia: anacheka vizuri, lakini mpe muwa.

Sasa niseme hali ya hizo orijino zangu. Spidi ilifanya kazi ilipojisikia. Ya mafuta ilisoma nusu tenki likiwa limejaa na nusu tenki likiwa tupu, kwa hiyo nilikuwa na ufito mwembamba wa kupimia mafuta, nauchovya kwenye tenki kama mpishi anayeonja mchuzi. Ya joto ilikuwa na mshale mdogo mwekundu uliokaa chini kidogo ya katikati. Ulikaa hapo asubuhi, ukakaa hapo mchana wa jua kali, ukakaa hapo tukipanda mlima wa Newala na tukiteremka. Mimi niliusifia. Nilikuwa nawaonyesha abiria: tazameni, injini haijui joto.

Fundi wangu, kijana mpole ambaye gereji yake iko chini ya mwembe karibu na stendi, siku moja aliugonga ule mshale kwa kucha, akautazama, akaugonga tena.

"Mzee," akasema, "huu mshale umekufa."

"Haujafa," nikamjibu. "Umetulia."

Akacheka, nami nikacheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Niliamini kabisa kwamba mshale ule umetulia kwa sababu injini yangu ni nzima na mimi ni dereva mwenye mguu laini. Mke wangu alikuwepo pale gereji siku hiyo, amekaa kwenye tairi bovu ananisubiri. Hakusema kitu. Mke wangu akinyamaza, ujue kuna kinachopikwa.

Msimu wa korosho ulipokwisha, na yeye ana shamba lake alilopewa na mama yake, alisafiri kwenda Mtwara kwa shughuli zake, akarudi na boksi. Ndani kulikuwa na geji mbili za duara, moja ya joto na moja ya mafuta, nyaya zake na vifaa vyake vya kufungia kwenye injini, vimeviringishwa kwenye nailoni. Alikuwa amemuuliza fundi kwanza, akaandikiwa kinachotakiwa. Akaliweka boksi mapajani mwangu kama mtu anayempa mwenzie mtoto ambebee.

"Baba watoto, hii ni zawadi. Unatubeba wengi mle ndani. Nataka uone kitu kinachosema kweli."

Mwanaume mwenye akili angesema ahsante. Mimi nilihisi nimetukanwa. Nikasema sikujua kwamba siku hizi kupika ubwabwa kunamfundisha mtu magari. Maneno hayo niliyasema mbele ya mama yangu mzazi, na mama akaangalia pembeni. Mke wangu alichukua boksi, akalisukuma chini ya kitanda, akaenda kuchochea moto. Halikutajwa tena nyumbani kwetu. Chumba kilipofagiliwa nilisikia ufagio ukiligonga, na kila mara nilijifanya sijasikia.

Miezi ikapita, ukafika mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa, na binti wa dada yangu alikuwa ndani, anachezwa unyago. Dada yangu ameolewa Chilangala, juu huko kwenye uwanda. Kwa asiyetujua: kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye usemi. Siku wali, mabinti waliochezwa, wanapotolewa huketishwa kwenye mikeka uwanjani, kila mmoja amefunikwa kanga mpya gubigubi, kichwa kimeinama. Hasemi, hali, hanywi, mpaka mjomba wake aje amfunue mbele ya watu. Baba anaweza kuwepo, na akawa amenunua kila kitu, lakini hamfunui. Mjomba asipofika, mwali anakaa.

Dada alinipigia simu siku chache kabla.

"Kaka, shikamoo. Njoo mapema. Halafu kaka, huku maji yamekata. Bombani hakuna, kisima cha jirani kimekauka, mvua nazo zinatuchungulia tu. Hebu nijazie madumu huko Masasi uje nayo. Maji ya kupikia na ya kunawisha wageni, nategemea hayo."

"Marahaba. Usihofu," nikasema. "Nitakuja na mto."

Anayekaa Masasi anaweza kusahau maji ni nini kule juu. Mimi nimezaliwa kule, sikuwa na haki ya kusahau. Mama yangu alishuka genge lile la Newala, mteremko mkali wa kwenda visimani, na kulipanda na mtungi kichwani tangu akiwa msichana, na mpaka leo akinawa mikono hutumia maji ya kujaa kiganja, hata bomba likiwa linamwagika mbele yake.

Tuliondoka asubuhi. Nyuma nilipanga madumu ya njano yaliyojaa mpaka shingoni. Mbele nilikaa na mama, amevaa kanga mpya. Katikati walikaa mke wangu na mama yetu mkubwa, aliyekuja kutoka Lulindi siku iliyotangulia, mwanamke mwenye ulimi ambao watani wetu wote wanauogopa. Kanga ya kumfunulia mwali, gauni lake na viatu vyake vilikuwa kwenye begi mapajani mwa mke wangu. Tulipita Chiungutwa watu wanapanga mabibo ya mikorosho barabarani, harufu yake tamu imejaa garini, na mimi naendesha huku nikipiga honi kwa kila ninayemjua na nisiyemjua. Nilikuwa mjomba naenda kumtoa mwali wangu kwa gari langu mwenyewe. Sidhani nimewahi kujipenda kama asubuhi ile.

Mlima ulipoanza nikaweka gia ndogo. Jua lilikuwa limeshapanda. Mama akasema anasikia harufu.

"Ni mabibo hayo," nikamwambia.

"Mabibo nayajua," mama akasema.

Nikatazama mshale. Umekaa pale pale, chini kidogo ya katikati. Nikamwonyesha mama kwa kidole: injini haijui joto. Tulipomaliza kona iliyofuata moshi mweupe ukatoka kwa nguvu chini ya kiti changu, maana injini ya kibasi imekaa chini ya makalio ya dereva, gari likatetemeka na kuzima. Mshale haukusogea. Mpaka leo nikifumba macho nauona, mwekundu, mtulivu, huku mvuke unanichoma miguu.

Niliwashusha wazee, nikakunjua kiti, nikafungua mfuniko wa rejeta kwa kanga ya mama. Nilijua kwamba haifunguliwi ikiwa ya moto, kila mtu anajua, lakini saa ya kutoka wali ilikuwa inakaribia na mimi nilikuwa na hasira. Maji yakaruka yote mpaka kwenye dari. Nikavuta dumu la kwanza la dada yangu nikalimimina. Yalipoingia, yakaanza kutoka chini kwa chini kupitia mpira uliopasuka, yakapita kwenye vumbi jekundu na kutengeneza kijito kinachoteremka mlima. Nikafunga mpira kwa kitambaa, nikamimina tena, tukaenda kona moja, likachemka tena. Hivyo hivyo, kona kwa kona.

Katika kusimama huko akatupita mama mmoja kijana anapanda kwa miguu, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Akatusalimia vizuri, "Shikamooni," kisha macho yake yakashuka kwenye maji yaliyokuwa yakitiririka chini ya gari langu. Aliyafuata kwa macho mpaka yalipoishia. Akasogeza mguu asiyakanyage, akaendelea kupanda. Mama yangu aliyekuwa amekaa kwenye jiwe alijifunika uso kwa upindo wa kanga, na mimi nilijua hajifuniki jua.

Simu ikaita. Dada.

"Kaka, mmefika wapi? Wanaanza."

"Tunamalizia mlima," nikasema. "Tupo hapo hapo."

Ilikuwa uongo. Mke wangu alisikia. Pikipiki ya bodaboda ilikuwa inapanda, tupu, dereva wake akapunguza mwendo kuona kama tuna shida. Mke wangu akaniletea begi.

"Baba watoto, panda hiyo. Nenda na kanga na nguo za mtoto. Ukamfunue. Sisi tutakaa hapa na wazee, tutapata msaada."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Kama ningepanda bodaboda ile, ningefika kwa wakati, na wimbo usingekuwepo. Lakini nilijiona ninavyoingia uwanjani: mjomba mwenye gari, nimekumbatia mgongo wa kijana wa bodaboda, begi la maua begani, vumbi mpaka kwenye kope. Watani wangesema gari lako liko wapi. Nikamwambia mke wangu gari limeshapoa, tunaondoka wote. Nikampungia mkono yule kijana aende zake. Mama mkubwa, ambaye siku zote ana la kusema, hakusema kitu, na kwa hilo ningepaswa kuelewa.

Tulifika Chilangala jua limeshavuka utosi. Sikupiga honi. Uwanja ulikuwa umechoka, ule uchovu wa shughuli inayongoja kumalizika: ngoma zimeegeshwa ukutani, wageni wamejibanza kwenye vivuli vya mikorosho, moto wa jikoni unafuka chini ya masufuria ambayo hayana kitu. Wali wengine wote walikuwa wameshafunuliwa, wamevalishwa, wanatembezwa nyumba kwa nyumba. Mkeka mmoja ulibaki katikati na mtu mmoja juu yake amefunikwa. Somo wake, mwanamke aliyemfunda, alikuwa amesimama upande wa jua amenyoosha kanga kwa mikono miwili ili amkinge.

Dada yangu alikimbilia nyuma ya gari kabla hajanisalimia. Akafungua mlango. Akashika dumu, likanyanyuka jepesi. Akashika jingine. Akayatikisa moja moja, akakuta moja lina maji kidogo chini. Akaligeukia gari langu lililokuwa likidondosha matone mchangani, kisha akanitazama mimi. Dada yangu ni mdogo wangu, hajawahi kunikosea adabu hata siku moja, na siku hiyo pia hakunikosea. Alisema tu, "Karibu, kaka. Mtoto anakungoja."

Nilienda mkekani. Nikapiga magoti, nikashika pindo la kanga. Ilikuwa imelowa jasho. Nikamfunua. Uso wake ulikuwa umefifia, midomo imekauka na kupasuka pembeni, macho anayafinya kwa mwanga. Wanawake wakapiga vigelegele, lakini si vile vya kuamsha watu. Ilitakiwa mimi niseme neno la kumpokea, na yeye baada ya kufunuliwa ndiyo aruhusiwe kusema. Nikaanza kuikunja kanga. Akatangulia yeye, kwa sauti ndogo niliyoisikia mimi na somo tu.

"Maji, mjomba."

Sikuwa nayo. Niliyamimina kwenye mpira uliopasuka, kona kwa kona, ili niingie uwanjani na gari. Nilibaki nimepiga magoti na kanga mikononi, watu wanatazama, mpaka bibi mmoja wa nyumba ya jirani alipotoka na kikombe cha bati, akakileta polepole asimwage, akampa. Mtoto alikunywa chote. Nilimtazama akinywa, na nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkubwa alikuwa ameshapona ukimya wake. Ndani ya muda mfupi alikuwa kwenye kundi la wanawake wa ngoma, anawasimulia, na nikamsikia akiigiza sauti yangu: "Haujafa, umetulia." Mke wangu hakumsimulia neno hilo kwa ubaya, alimsimulia zamani, wakiwa jikoni, kama wanawake wanavyosimuliana. Watani hawasamehe mali kama ile. Ngoma zikapigwa, na wimbo ukazaliwa mbele yangu, njomba ndiye mjomba kwa matamshi ya kwetu:

*Mshale wa njomba haujafa, umetulia;*
*maji ya mwali kanywa gari, mwali anayalilia.*

Walinizunguka, wakaniimbia usoni, wakanipaka unga kichwani kama inavyoruhusiwa kwa watani. Mtu akifanyiwa hivyo kwetu hucheka na kutoa zawadi. Nilitoa. Nilicheka pia, mdomo tu. Shughuli ikaisha kwa chakula cha kuazima, kila nyumba ikatoa maji ya kisadolini, kikopo kile cha rangi, na wageni wakanawa kwa zamu kama mama yangu anavyonawa.

Tuliporudi Masasi, gari likivutwa, sikuwa na uso wa kulivuta lile boksi chini ya kitanda. Mke wangu alilivuta mwenyewe. Akalipeleka gereji, akasimama pale mpaka kazi ikaisha. Hakuniambia "si nilikwambia". Afadhali angeniambia, maana mimi katika nafasi yake ningesema mwaka mzima. Fundi alimuuliza kama atoe za zamani, akamjibu aziache, ni za mwenyewe. Ndiyo maana leo dashibodi yangu ina zote: juu geji mbili za duara zenye taa ya buluu, zile nilizozifananisha na disko, na chini, ndani ya kioo chake, orijino. Tukipanda mlima, mshale wa juu unapanda nasi na ule wa chini umekaa pale pale. Zamani ningesema huo ni utulivu. Siku hizi nausoma kama kioo ninachojitazamia.

Binti wa dada yangu sasa yuko sekondari hapa Masasi na anakaa kwetu. Ni mtoto mwenye heshima, hunisalimia kabla jua halijatoka, na hajawahi kuutaja ule mchana. Wimbo ukiimbwa akiwepo, yeye haimbi. Shule zikifungwa mimi ndiye ninayempeleka kwao Chilangala. Hukaa mbele, palipokuwa pa mama yangu, ambaye siku hizi hasafiri. Rejeta ni mpya, mipira ni mipya, geji inasema kweli, na nimemwonyesha kwa kidole jinsi inavyosomwa. Ananisikiliza na kuitikia, "Ndiyo, mjomba."

Lakini kila safari, kabla hajapanda, huenda bombani na kidumu chake kidogo cha njano, hukijaza, hukifunga kwa nailoni, akakiweka chini katikati ya miguu yake. Tukianza kupanda mlima hukibana kwa magoti. Sijui kama ni maji ya gari au ni yake ya kunywa. Hajaniambia, na mimi kumuuliza siwezi.